Santuri za roki ya progresivu ukiwa Tanga: utafute majumbani, uvuke Kenya, au uagize Ulaya?

Mtu wa Tanga anayetaka santuri zilizotumika za roki ya progresivu, yaani ile roki ya nyimbo ndefu ya bendi za Uingereza kama King Crimson, Yes, Genesis au Jethro Tull, ana njia tatu. Anaweza kuzisaka hapahapa mjini, kwenye makabati na masanduku ya watu. Anaweza kuvuka mpaka wa Horohoro akanunue kwa wafanyabiashara wa Kenya. Au akae na simu yake, aagize kutoka Uingereza, Ujerumani au Uholanzi. Anayeuza naye ana njia hizohizo, ila anazitembea kinyumenyume. Kila njia ina watu wanaoiapia na wengine walioilaani, na mara nyingi wanachobishania ni mahitaji tofauti tu.

Santuri mpya zilizochapwa upya siziingizi humu. Kama unachotaka ni kuusikia muziki huu ukiwa safi, bila haja ya sahani ya zamani, chapa mpya huenda ikakufaa kuliko yote yatakayofuata. Albamu kadhaa za King Crimson, Yes na Jethro Tull zimechanganywa upya na mwanamuziki Steven Wilson kutoka kwenye kanda za asili, na ni kazi ya kuheshimika. Makala hii ni ya yule anayetaka kitu kilichopita mikononi mwa watu.

Mizani tutakayotumia

Kigezo cha kwanza, ambacho nakiweka mbele hata ya bei, ni nani anayeikagua sahani kabla pesa haijatoka mfukoni. Katika muziki mwingine sahani yenye mkwaruzo inavumilika: wimbo mmoja umeharibika, unausogeza mkono wa pleya hadi unaofuata. Roki ya progresivu haikupi nafasi hiyo. "Close to the Edge" ya Yes, ya mwaka 1972, imejaza upande mzima wa kwanza wa albamu yake. "Echoes" ya Pink Floyd, ya 1971, inachukua upande mzima wa pili wa albamu ya Meddle, dakika zaidi ya 23. Thick as a Brick ya Jethro Tull ni kipande kimoja kilichokatwa katikati kwa sababu tu sahani ina pande mbili. Mkwaruzo mmoja mrefu hapo umekuharibia nusu ya albamu.

Halafu kuna fizikia yake. Upande unapokuwa mrefu, mistari husogezwa karibukaribu na sauti hukatwa chini kidogo ili yote yaenee. Ukiongeza sauti ya amplifaya kufidia, unaongeza na vumbi, mikwaruzo na kila uchafu uliolala humo. Na muziki wenyewe umejaa sehemu tulivu, filimbi au kinanda peke yake, ambapo kila mlio wa tak-tak unasikika kama mtu anayetafuna bisi msikitini. Mbaya zaidi, watunzi hawa walipenda kuweka kilele mwishoni mwa upande, karibu na lebo, ile karatasi ya katikati, mahali ambapo sindano husoma kwa shida zaidi. "Starless" inayofunga albamu ya Red ya King Crimson, 1974, inapanda polepole kwa dakika kadhaa na kulipuka hukohuko ndani. Sahani iliyochezwa miaka mingi kwa sindano butu itakupa mlipuko wenye kukoroma.

Vigezo vingine ni vyepesi kueleza. Gharama yote mpaka mlangoni, siyo bei ya sahani peke yake. Chapa: santuri imechapwa wapi na lini, na kama unaweza kuithibitisha. Uchaguzi, yaani uwezekano wa kupata albamu unayoitaka wewe badala ya ile iliyokuwepo. Muda na usumbufu. Mwisho, njia hiyo ikoje kwa muuzaji.

Njia ya kwanza: majumbani Tanga

*Ukaguzi.* Hapa ndipo njia hii inapozishinda nyingine. Sahani iko mkononi mwako, macho ni yako. Iinamishe chini ya mwanga wa jua la dirishani, uangalie kwa mshazari. Mikwaruzo myembamba kama unywele iliyosambaa mara nyingi hailii sana. Ule ambao ukipitisha ukucha unaukwaza, huo utalia kila mzunguko. Iweke juu ya meza ya kioo au vigae uone kama imepinda. Ichungulie kwa upande. Inuse kava, maana Tanga ni pwani na ukungu ndio adui mkubwa wa santuri zetu kuliko mikwaruzo. Madoa meupe kama unga juu ya sahani mara nyingi huoshwa yakatoka. Kava lililoliwa na ukungu halirudi.

Kasoro ni kwamba nyumba nyingi hazina tena pleya inayofanya kazi, kwa hiyo utanunua kwa macho bila sikio. Ndiyo maana naona mtu wa kwanza kumtafuta si dalali, ni fundi redio. Fundi wa siku nyingi anajua nani Ngamiani au Chumbageni alimletea gramafoni, nani aliuza spika akabaki na sahani, na mara nyingi ana meza ambapo unaweza kuijaribu.

*Gharama.* Ndogo kuliko kwingine kote, lakini kuna mtego wake. Mwenye mzigo hapendi kuchaguliwa.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kwa zile santuri za marehemu?"

"Ndiyo, ukiniruhusu nizitazame moja moja."

"Tazama, lakini ukichukua chukua zote. Mie sitaki kubakishiwa mafupa."

Na ana haki. Basi utanunua sanduku zima ili upate sahani mbili. Kabla ya kupiga hesabu kwamba umelanguliwa, angalia hayo unayoyaita mafupa. Santuri ndogo za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, za taarabu ya Black Star na Lucky Star, zote za hapahapa Tanga, zinatafutwa na wakusanyaji wa nje kwa hamu ambayo nakala ya kawaida ya Pink Floyd haiipati. Kuna wapenzi wa roki ya progresivu ambao sarafu yao bora ya kubadilishana na mkusanyaji wa Ulaya ni sahani ndogo ya dansi la Tanga iliyotunzwa vizuri. Ila mwambie bi mkubwa ukweli kuhusu thamani yake kabla hamjaafikiana. Mji huu ni mdogo, na jina likishaharibika Barabara ya Sita linafika Raskazone kabla ya magharibi.

*Chapa.* Hapa historia ya mji inasaidia kujua utegemee nini. Miaka mikuu ya muziki huu ni kama 1969 hadi 1975. Miaka hiyohiyo ndiyo watu waliokuwa na pesa ya kununua sahani kutoka nje walikuwa wakifunga mizigo: mashamba mengi ya mkonge yalitaifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na sheria ya 1971 ya kutwaa majengo ikawafanya Wahindi wengi waondoke. Kwa hiyo makabati ya Tanga yana Jim Reeves wengi, nyimbo za filamu za Kihindi, baadaye ABBA na Boney M, na progresivu kidogo sana.

Kidogo hicho kilikuja na nani? Dau langu ni Wajerumani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Tanga ilipata kiwanda cha mbolea kilichojengwa na Wajerumani wa Magharibi, na mwaka 1972 ukaanza mradi wa maendeleo wa mkoa, TIRDEP, ambao wataalamu wake walikaa hapa miaka mingi. Watu wa umri huo kutoka Ujerumani walikuwa na sahani za nyumbani kwao: Pink Floyd za chapa ya Kijerumani, Tangerine Dream, pengine na bendi za kampuni ya Brain ya hukohuko. Ukikuta maandishi "Made in Germany" kwenye lebo, usiirudishe kwenye sanduku kwa sababu si ya Uingereza. Chapa za Kijerumani za wakati huo zina sifa ya utulivu, sindano inapita bila kelele nyingi. Ukikuta ya Gramophone Company of India, iliyochapwa Dum Dum huko Calcutta, hiyo ni habari nyingine: kwa msikilizaji ubora wake hubadilika kutoka nakala hadi nakala, ila kwa baadhi ya wakusanyaji ni kitu cha pekee.

*Uchaguzi na muda.* Uchaguzi ni bahati. Ukiwa na orodha ya albamu tano unazozitaka, njia hii haitakupa hata moja kwa wakati uliopanga. Muda nao unakwenda kwa mazungumzo, vikombe vya chai na kurudi tena kesho kwa sababu ufunguo wa kabati anao kaka aliyeko Muheza.

*Ukiuza.* Wanunuzi wa muziki huu waliopo Tanga wanahesabika, nao wanajuana. Faida ni kwamba unauza leo na kulipwa leo kwa simu, bila posta wala makato. Hasara ni kwamba bei inaamuliwa na watu wachache wasio na haraka. Anayefaa kuuza hivi ni mwenye sahani za hali ya kati, ambazo kuzisafirisha kungegharimu kuliko zenyewe.

Njia ya pili: kuvuka Kenya

*Ukaguzi.* Mfanyabiashara wa santuri anayejiheshimu ameshaiosha sahani, ameijaribu na ana pleya pembeni. Unakaa, unasikiliza, ndipo unalipa. Nairobi, kwenye Soko la Kenyatta, kuna kibanda cha santuri kinachojulikana hadi nje ya Afrika, na Mombasa nako wauza vitu vya kale hukutana nazo mara kwa mara. Hii ndiyo njia pekee kati ya tatu inayokuhakikishia macho na masikio kwa pamoja. Itumie haki hiyo mpaka mwisho. Usisikilize mwanzo wa upande tu; peleka sindano kwenye dakika tatu za mwisho karibu na lebo, kwa sababu nilizozitaja juu.

*Gharama.* Bei ya sahani itakuwa juu ya ile ya kabatini kwa bi mkubwa, na ni sawa, maana unalipia kazi ya mtu aliyetafuta, akaosha na kutupa mbovu. Swali kubwa ni nauli. Tanga hadi Horohoro si mbali, na Mombasa unafika siku hiyohiyo. Nairobi inaongeza treni ya SGR au basi la usiku, malazi na chakula. Ukienda kwa ajili ya sahani mbili, hesabu haikubali. Ukiwa unakwenda kwa shughuli nyingine, harusi au biashara, hesabu inageuka kabisa.

Omba risiti, maana forodha ya mpakani inaweza kuuliza. Rudi na sahani zikiwa zimesimama wima ndani ya begi unalolishika mwenyewe. Usiziache kwenye buti ya basi lililoegeshwa juani Lunga Lunga: plastiki ya santuri hulegea kwa joto, na sahani iliyopinda kama bati hainyooki kwa kuwekewa vitabu juu, waseme watakavyo.

*Chapa.* Kenya ilikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri Nairobi, na muziki wa Ulaya na Marekani ulichapwa huko kwa leseni. Kwa hiyo utakutana na vitu vitatu vimechanganyika rafu moja: chapa za Uingereza zilizokuja na walowezi na walimu, chapa za Nairobi, na mizigo iliyoagizwa hivi karibuni kutoka nje. Mtafuta chapa ya kwanza ya Uingereza awe macho. Msikilizaji aamue kwa sikio. Mfanyabiashara mzuri atakuambia ni ipi bila kuulizwa mara mbili.

*Uchaguzi.* Mpana kuliko Tanga, mwembamba kuliko intaneti. Tena roki ya progresivu si mkate wa wauzaji hawa. Wanaishi kwa rege, soul, benga na rumba. Mpigie muuzaji kabla hujapanda basi, umwambie unatafuta nini, umwombe picha za lebo.

*Ukiuza.* Kwa mwenye sanduku zima asiyetaka kuhangaika, hii inaweza kuwa njia ya akili timamu. Mfanyabiashara atanunua kwa jumla, kwa bei iliyo chini sana ya ile atakayouzia, kwa sababu yeye ndiye atakayekaa nazo. Wengine huja wenyewe Tanga wakisikia kuna mzigo, waja leo waondoka leo, na haraka yao ni silaha yao. Ukiona mtu amefungua sanduku, akatoa sahani sita bila kusita na kukuambia zilizobaki hazina maana, kabla hujakubali tafuta kwanza hizo sita ni zipi.

Njia ya tatu: kuagiza Ulaya

*Ukaguzi.* Hapa unakabidhi macho yako kwa mgeni. Anachokupa ni herufi. Katika upangaji unaotumiwa na wauzaji wengi, M ni sahani isiyoguswa, NM ni kama mpya, VG+ ina dalili ndogo za matumizi, VG inasikika kelele kwenye sehemu tulivu, na G na zile za chini yake ni za kuepuka isipokuwa kitu ni adimu kupindukia. Kwa muziki huu mimi sishuki chini ya VG+, hata bei ya VG iwe nusu. VG ya rege unaicheza kwenye sherehe na hakuna atakayejua. VG ya Genesis utaijua kila jioni.

Muulize muuzaji jambo moja kabla ya mengine: ameicheza au ameitazama tu? Halafu omba picha ya sehemu laini iliyo kati ya muziki na lebo, zilipochongwa namba za kuitambulisha chapa. Anayekataa picha, mwache.

*Chapa.* Njia hii haina mpinzani hapa. Discogs, tovuti iliyoanza mwaka 2000 kama kanzidata ya rekodi za muziki wa kielektroniki, huorodhesha kila chapa peke yake na kuonyesha ziliuzwaje huko nyuma. Hata kama hutanunua kamwe nje, itumie kujua ulichonacho Tanga. Mifano ya tofauti zenye uzito: albamu ya kwanza ya King Crimson, 1969, chapa zake za mwanzo za kampuni ya Island zina lebo ya waridi; zilizokuja baadaye zina mchoro wa mnazi. Za kampuni ya Vertigo za mwanzo zina mzunguko mweusi na mweupe unaozunguka lebo nzima, wenye kutia kizunguzungu sahani ikizunguka. The Dark Side of the Moon ya 1973 chapa yake ya kwanza ya Uingereza ina pembetatu ya bluu iliyojaa kwenye lebo ya Harvest.

Nikishaitaja hiyo ya mwisho niseme: watu wengi wakikuta Dark Side ya zamani wanadhani wamepata kiwanja. Albamu ile ilikaa wiki 741 kwenye chati ya Billboard kati ya 1973 na 1988. Nakala zake zilizochapwa ni bahari. Isiyo na pembetatu ile, isiyo na mabango na stika zake, ni santuri nzuri ya kusikiliza na si zaidi.

*Gharama.* Chukua mfano wa kubuni. Sahani ni pauni 12 na posta hadi Tanzania pauni 20. Jumla 32. VAT yetu ya asilimia 18 juu ya hiyo inakupeleka karibu pauni 38, kabla ya ushuru wa forodha. Sasa chukua nne kwa muuzaji mmoja: sahani pauni 48, posta tuseme 28, jumla 76, na VAT inafika kama 90. Kila sahani imekugharimu takriban 22 badala ya 38. Ndiyo maana wenye uzoefu hawatafuti sahani. Wanatafuta muuzaji mwenye sahani kadhaa wanazozitaka.

Mwambie azitoe sahani ndani ya makava na kuziweka nyuma yake kwenye mfuko wa ndani, kisha azibane katikati ya kadibodi ngumu mbili. Sahani ikiachwa ndani ya kava, kila mtikisiko wa safari unaipiga kwenye mshono wa juu mpaka unapasuka. Andika S.L.P. na namba ya simu. Dai namba ya kufuatilia mzigo.

Kuna mlango wa pembeni: ndugu anayekuja likizo. Santuri kumi na makava yake ni kama kilo tatu, au zaidi kidogo kama makava ni ya kufunguka. Ukimtuma shemeji, mpe jina la albamu, namba ya toleo na kiwango cha mwisho cha bei, na umruhusu kukataa. Shemeji asiyejua santuri akiambiwa "niletee Yes yoyote" ataleta yoyote kweli.

*Uchaguzi na muda.* Karibu kila kitu kipo. Muda ni wa posta na forodha, na huwezi kuuharakisha. Wapo wauzaji wasiotuma Tanzania kabisa. Angalia hilo kabla hujajaza kapu.

*Ukiuza.* Bei za juu ziko huku, na vikwazo viko huku. Kwa muda mrefu akaunti za PayPal za Tanzania zimekuwa za kulipa, si za kupokea, ilhali za Kenya huunganishwa na M-Pesa; hakikisha hali ya yako kabla hujatangaza chochote. Posta kutoka hapa kwenda Ulaya inamfanya mnunuzi afikirie mara mbili, na muuzaji mpya asiye na historia hawezi kudai bei ya mwenye miaka kumi. Kwa sahani ya kawaida haifai, kwa kuwa Ulaya zimejaa. Kwa chapa ya kwanza iliyo NM, au kwa zile santuri ndogo za Tanga, inafaa. Ukipanga hali, jishushe daraja moja. Mnunuzi aliyeahidiwa VG+ akapokea NM atarudi, na aliyepata kinyume chake atadai pesa zake, nauli ya kurudisha ikiwa juu yako.

Kwa hali yako

Kama ndiyo kwanza unaanza, una pleya lakini hujui bado unapenda upande gani wa muziki huu, anza majumbani na kwa mafundi. Utapata vichache, utajifunza kuikagua sahani kwa gharama ndogo, na makosa yako yatakuwa ya bei ya soda.

Kama una albamu tatu au nne moyoni na hutaki mbadala, agiza, lakini subiri mpaka umpate muuzaji mmoja mwenye angalau tatu kati ya hizo. Kama ni moja tu, mtume mtu.

Mwenye sikio kali, anayekerwa na kila mlio, na ambaye hata hivyo huenda Mombasa au Nairobi kwa kazi zake, anunue kule. Malipo ya ziada kwa mfanyabiashara ni nafuu kuliko kurudisha kifurushi Leeds, Uingereza.

Mkusanyaji wa chapa za kwanza hana budi kuwa mtu wa njia ya tatu, ila asiache kupita kwa mafundi wa Ngamiani. Lebo ya Vertigo yenye mzunguko haijui iko wapi, na mwenye nayo huenda naye hajui.

Anayeuza kwa sababu ana shida ya pesa wiki hii auze hapahapa, au ampigie mfanyabiashara wa Kenya, akubali bei ya jumla na asijilaumu. Asiye na haraka azipange mafungu mawili: za kawaida aziuze Tanga kwa wasikilizaji, adimu azitangaze nje moja moja, labda kwa kushirikiana na ndugu aliye Mombasa ambaye akaunti yake inapokea malipo.

Na aliyerithi sanduku la mzee asilitie maji kwanza. Azitoe sahani juani? Hapana, kivulini. Azisimamishe wima, apige picha kila lebo na namba zilizochongwa pembeni yake, aangalie ndani ya makava kama mabango na karatasi bado zimo: Thick as a Brick ilitoka na gazeti zima, na Stand Up ya 1969 ina vikaragosi vya wanamuziki vinavyosimama ukifungua kava. Hizo karatasi ni sehemu ya bei. Zenye ukungu azipanguse kwa kitambaa laini chenye maji yaliyotoneshwa, yale safi ya kuongezea betri, siyo asidi, lebo ikikingwa isilowe. Zile nzito za zamani za kasi ya 78, zinazovunjika kama sahani ya chai, asiziguse kwa spiriti. Picha zikishakuwa kwenye simu, ndipo amwite mnunuzi wa kwanza, na wa pili siku hiyohiyo.